Heri Iliyochorwa Juu ya Madini

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mafundi wa fedha na shaba, na hasa habari za alama za heri wanazozitia katika kazi zao. Tutaanza Uchina, kwa sababu huko sanaa hii ni ya zamani sana na alama zake ni nyingi. Kisha tutarudi katika pwani yetu, tushuke mpaka Kitaya na mto Ruvuma, tukatazame mapambo yaliyomo katika makasha ya nyumba zetu wenyewe.

Twaomba mshike neno moja tangu mwanzo. Pambo la zamani lina thamani mbili. Ya kwanza ni thamani ya madini, nayo mizani huijua. Ya pili ni thamani ya maneno yaliyomo ndani yake, nayo mizani haiijui kabisa. Mtu aliyesahau yale maneno huuza thamani mbili kwa bei ya moja.

Basi tuanze na popo. Kwetu sisi popo hapewi heshima. Hula maembe yetu na mabibo yetu, hulala mchana na kuamka usiku, na watu wengi hawapendi aingie nyumbani. Lakini ukitazama vyombo vya Kichina vya zamani, utamwona popo kila mahali: katika vibano vya nywele vya dhahabu, katika vifungo vya fedha, katika vyetezo vya shaba, hata katika vitasa vya makasha. Je, Wachina walimpenda mnyama huyu kuliko sisi? Sivyo. Walilipenda jina lake. Katika lugha ya Kichina jina la popo lamalizika kwa sauti ya fu, na neno la heri nalo hutamkwa fu. Maandishi yake ni mbalimbali, lakini sikioni yanafanana. Kwa hiyo fundi akimchora popo, mwenye kutazama husoma: heri.

Ili mpate kufahamu vizuri, fikirini mfano wa lugha yetu. Katika tope la mikoko, pale mto Ruvuma unapoingia baharini, wamo kaa wengi. Na neno kaa kwetu lina maana nyingine: keti, ishi hapa. Kama fundi wa pwani angechora kaa katika pete ya bibi harusi, na maana yake iwe "kaa nasi, usituondokee", angekuwa amefanya vile vile afanyavyo Mchina kwa popo wake. Asiyejua Kiswahili angeuliza, "Kwa nini mwaweka mdudu wa topeni katika pete?" Nasi tungecheka, kwa kuwa tungekuwa tumesoma.

Wachina wanazo alama nyingi za namna hii. Samaki kwa Kichina ni yu, na neno la ziada nalo ni yu. Kwa hiyo samaki wa fedha ni dua ya kwamba mwaka uishe na chakula kibaki ghalani. Mkulima wa mpunga ataifahamu dua hiyo upesi. Haombi mali ya kufuru, aomba akiba ya kumvusha mpaka mavuno mengine. Ua la yungiyungi lina jina lenye sauti moja na neno la kuendelea bila kukatika. Yungiyungi na samaki wakichorwa pamoja, maana yake ni ziada mwaka baada ya mwaka. Chupa ya maua ina sauti moja na neno la amani. Na popo watano wakizunguka katika duara ni heri tano zilizotajwa katika vitabu vya kale vya Wachina: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kwa wakati wake baada ya kumaliza maisha. Tazameni kwamba mali ni moja tu katika tano, na kupenda wema kumehesabiwa kuwa heri kama mali. Popo akichorwa kichwa chini, kama alalavyo mtini, husomwa kwamba heri imekwisha kufika. Kwa kuwa neno la kupinduka na neno la kufika hukaribiana sauti.

Liko pambo moja la Kichina ambalo kila mzazi atalielewa. Mtoto alipozaliwa, wazee wake walimtengenezea kufuli dogo la fedha, wakalitia katika mkufu, wakamvika shingoni. Kufuli hilo halikufunga mlango wala kasha. Maana yake ni kumfungia mtoto katika uhai, asiponyoke. Juu yake yalichorwa maneno ya kumwombea umri mrefu, mali na heshima. Katika jamaa nyingine ilikuwapo desturi nzuri zaidi: baba hakununua fedha peke yake, bali alipita kwa majirani, kila nyumba ikatoa kidogo, na kufuli likafanywa kwa michango hiyo. Liliitwa kufuli la nyumba mia. Mtoto alivaa shingoni dua ya mji mzima. Siku hizi pia makufuli ya namna hii hufanywa na kupewa watoto wachanga huko Uchina.

Sasa tuseme juu ya ufundi wenyewe, maana alama nzuri bila mkono hodari si kitu. Kazi iliyoleta sifa kubwa ni ile ya shaba na kioo cha rangi. Fundi hufua chombo cha shaba nyekundu. Kisha huchukua nyuzi nyembamba za shaba, huzikunja kwa koleo ndogo ziwe maua, mawingu au popo, naye huzisimamisha juu ya chombo na kuzilehemu. Hapo chombo chote huwa na vijumba vidogo vidogo. Katika kila kijumba hutia kioo kilichosagwa kuwa unga na kuchanganywa na rangi, kisha hukitia chombo motoni, katika joto la kadiri ya digrii 800. Kioo huyeyuka na kupoa, nacho hupungua; basi hutia tena na kuchoma tena, mara kadha wa kadha, mpaka vijumba vyote vijae. Mwisho hukisugua mpaka kilainike, na nyuzi zile hupakwa dhahabu. Kazi hii Wachina huiita kwa jina la utawala wa mfalme Jingtai, uliokuwa kati ya mwaka 1450 na 1457, pamoja na neno la rangi ya samawati, kwa sababu rangi hiyo ndiyo iliyopendwa mno.

Lakini asidhani mtu kwamba Wachina waliizua kazi hii peke yao. Kitabu cha Kichina cha mwaka 1388 chaitaja kuwa ni kazi ya nchi za Waarabu. Waliipokea kutoka magharibi, wakaitia alama zao, wakaifanya yao. Hivyo ndivyo ulivyo ufundi: hupita kutoka taifa hata taifa kama moto unaoazimwa jirani. Aliyeazima hana aibu. Mwenye aibu ni yule aliyepewa moto akauacha ukazimika.

Huenda mtu akauliza: Uchina na sisi kuna nini? Yako mambo. Mwaka 1945 huko Kajengwa, karibu na Makunduchi katika kisiwa cha Unguja, ilionekana akiba ya sarafu za Kichina, nyingi zao za enzi ya Song, iliyotawala kutoka mwaka 960 mpaka 1279. Na mwaka 2013 wataalamu waliokuwa wakichimba katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, waliona sarafu moja yenye tundu la mraba katikati, iliyopigwa kwa jina la mfalme Yongle, aliyetawala kati ya mwaka 1403 na 1424. Huyo ndiye aliyetuma merikebu kubwa chini ya amiri Zheng He, zikafika hata pwani yetu. Mwaka 1415 watu wa Malindi walipeleka twiga Uchina kuwa zawadi kwa mfalme. Wachina walipomwona mnyama yule mrefu, mpole, mwenye madoa, walimfananisha na mnyama wa hadithi zao aitwaye qilin, ambaye husemwa kwamba huonekana tu wakati wa heri na utawala wa haki. Tena qilin huyo ndiye achorwaye katika mapambo ya fedha ya watoto, akiwa amempakia mtoto mgongoni, kwa sababu husemwa kwamba yeye ndiye aletaye watoto wema. Basi mnyama wa nyika zetu alipokewa katika mji mkuu wa Uchina kama alama ya heri iliyopata mwili.

Tumekwisha kuvuka bahari. Sasa turudi kwetu. Je, mafundi wa pwani hii hawakuandika heri juu ya madini? Waliandika, tena vizuri. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa karne nyingi. Katika nyingi zao upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea au kumsifu Mungu, na maneno ya pande mbili yana kina kimoja kama beti la shairi. Mchuuzi wa Kilwa aliponunua samaki alitoa mkononi shairi dogo la shaba. Sarafu moja ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, imeonekana mbali sana bara, katika magofu ya Great Zimbabwe. Na huko Lamu imehifadhiwa siwa ya shaba, baragumu kubwa lenye nakshi, iliyopulizwa katika arusi na sherehe za waungwana. Mchina alichora heri ili isomwe kwa macho. Watu wa Lamu waliipuliza ili isikiwe na mji wote.

Na katika nyumba za watu wa kawaida yalikuwamo mapambo ya fedha: mikufu na vidani vya shingoni, vipuli vya masikioni, kekee na bangili za mikononi, mitali na mafurungu ya miguuni. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Maana yake pambo ni ushuhuda wa sifa ya mtu kabla ya kuwa ushuhuda wa mali yake. Bara, wasioweza kupata fedha walivaa udodi, yaani nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa mkononi au mguuni, na nyuzi hizo zilipanda kutoka bandarini pamoja na nguo na ushanga.

Fedha yenyewe ilipatikana wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika sarafu. Reale yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria ilitumika katika pwani yote. Uzani wake ni gramu 28, na katika kila sehemu 6 za uzani huo 5 ni fedha safi. Wanafunzi na waangalie jambo moja: reale hizo zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mia na zaidi baadaye, kwa kuwa wafanya biashara hawakuziamini ila zikiwa na tarehe hiyo. Kwa hiyo tarehe ya reale haitujulishi umri wake. Sonara alipoletewa reale kumi na mama wa bibi harusi, alizipima mbele yake, akaziyeyusha, akamrudishia pambo la uzani uliojulikana. Hivyo pambo lilikuwa hazina ya mwanamke. Shamba laweza kuuzwa na mume, na mavuno yaweza kuliwa na panya, lakini furungu li mguuni pake mwenyewe.

Ufundi huu haujafa. Kusini ya Ruvuma, katika visiwa vya Kirimba nchini Msumbiji, kiko kisiwa cha Ibo, ambacho watu wake husema Kimwani, lugha iliyo jirani ya Kiswahili chetu. Huko wako mafundi wanaofanya kazi ya nyuzi za fedha, na ndani ya ngome ya Wareno ya mwaka 1791 watu wamewakuta wakifua. Kwa desturi waliyeyusha sarafu za kale. Fedha ikiisha kuyeyuka huimiminwa iwe kijiti, kijiti hufuliwa kwa nyundo, kisha huvutwa katika chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu, kubwa kwanza, halafu dogo, halafu dogo zaidi, mpaka fedha iwe uzi mwembamba. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, hubanwa, hukunjwa ziwe maua na majani, na kulehemiwa kwa moto unaopulizwa kwa mrija. Ukitazama kazi hiyo utakumbuka vile vijumba vya nyuzi vya Mchina, ijapokuwa hapa hapana kioo. Fundi wa Ibo huacha hewa na mwanga vipite. Mkono wa Mwarabu, wa Mhindi na wa Mreno wote umo, lakini aliyeshika koleo ni mtu wa Ibo.

Mafundi hao wamepata taabu. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilipiga pwani ya Cabo Delgado, ikavunja nyumba nyingi sana za Ibo. Na kabla ya hapo, Oktoba 2017, vilikuwa vimekwisha anza katika jimbo hilo vita vilivyowatoa watu wengi makwao. Upande wetu pia haukusalimika: Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Siku kama hizo hutufundisha maana ya pambo la fedha kuliko hotuba yoyote. Mtu akikimbia usiku hachukui ghala wala mlango. Huchukua mtoto wake, na kilicho mwilini mwake. Akifika salama, pambo la bibi yake huwa unga, huwa nguo, huwa nauli. Kwa hiyo hatumlaumu mtu aliyeuza pambo katika shida. Pambo lilifanywa kwa siku hiyo.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wengine wataliuliza, wacha Mungu hasa. Je, madini yaweza kuleta heri? Popo wa dhahabu hakumkinga mfalme wa Uchina, na utawala wa wafalme huko ulikwisha mwaka 1912 pamoja na mapambo yake yote. Wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana juu ya kuvaa hata hirizi yenye maneno matakatifu, na wako wanaoikataza kabisa. Kila mtu na awaulize walimu wake. Sisi twasema hivi tu: kuamini kwamba fedha yenyewe ina nguvu ni jambo moja, na kuandika dua juu ya fedha ni jambo la pili. Lile kufuli la nyumba mia halikumponya mtoto. Lakini mtoto aliyekua akijua kwamba nyumba mia zilimchangia alijua ana watu. Heri ilikuwa katika majirani, na fedha ilikuwa hati yake.

Basi hasara iko wapi? Hasara iko pale pambo linapouzwa bila shida, au kwa shida lakini bila kumbukumbu. Mjukuu afungua kasha, aona kikuku cheusi kilichopindika, hajui jina lake wala aliyepewa, akipeleka dukani. Mnunuzi hutia katika mizani, hulipa uzani, na jioni kikuku ki ndani ya kalibu. Nakshi ya siku nyingi huyeyuka kwa dakika chache. Mnunuzi hakuiba, ameuziwa madini, naye amelipa madini. Waliopoteza ni sisi, kwa sababu hatukujua kusoma kilichoandikwa.

Twawapa wanafunzi kazi, wala si kazi ngumu. Mwombeni bibi au shangazi awaonyeshe mapambo yake. Ulizeni kila pambo laitwaje, lilifanywa wapi, nani alimpa nani, na siku ya kupewa yalisemwa maneno gani. Wekeni karatasi nyembamba juu ya nakshi, mpitishe penseli polepole, na sura yake itatokea. Lipimeni, mwandike uzani. Msilisugue kwa mchanga wala jivu, kwani vitu hivyo hula nakshi. Kitambaa laini chatosha. Kama ni kitu kilichotoka ardhini, sarafu au shanga au kipande cha shaba, msikipeleke kwa sonara. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Mpelekeeni habari mwalimu wenu au ofisi ya kijiji, mwonyeshe na mahali kilipookotwa, kwa maana mahali ndipo penye nusu ya habari.

Karatasi hizo mzitie katika daftari moja, na daftari lipate mahali pa salama. Siku ya dhiki ikija na pambo likauzwa, fedha itakwenda zake, lakini jina lake, nakshi yake na dua yake vitabaki kwenu, na fundi akipatikana aweza kulifua tena. Wazee wamekwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya duka, nasi twasema juu ya kasha la bibi.